Izakaya au baa ya kokteli? Usiku mmoja katika vichochoro vya Tokyo

Mgeni wa kwetu akipita Tokyo kwa semina au biashara, simu haikosi. "Kaka, nina usiku mmoja tu wa kutoka. Nielekee wapi?" Wa mwisho kuniuliza alikuwa dada mmoja kutoka Arusha, kakaa mikutanoni siku tatu mfululizo, anataka kuwaona Wajapani wakiwa wamelegeza tai. Nilimuuliza, "Umekula?" Akadhani nakwepa swali. Kumbe nusu ya jibu iko hapo.

Tokyo ina vichochoro vya kunywea, wenyewe wanaviita yokocho. Aliyekulia Mji Mkongwe, wa Unguja au wa Mombasa, hatashangazwa na wembamba wake: watu wawili wakikutana, mmoja anajibanza ukutani kupisha. Cha kushangaza ni kwamba karibu kila mlango ni mahali pa kula au kunywa, na pengi hapaenei watu kumi. Milango hiyo ni ya namna mbili. Kuna izakaya, ambako kula na kunywa vinakwenda pamoja, na kelele, na moshi wa mkaa. Halafu kuna baa ya kokteli, ambako unakaa kaunta mbele ya mtu mmoja anayekutengenezea kinywaji kimoja bila haraka, na cha kutafuna hakizidi karanga. Kwa nje, kwa mgeni asiyesoma Kijapani, zote ni taa ndogo na mlango uliofungwa. Ukikosea mlango, usiku wako mmoja umekwenda.

Nitalinganisha kwa mitaa ninayoizoea: Omoide Yokocho, ubavuni mwa stesheni ya Shinjuku upande wa magharibi, kwa ajili ya izakaya; Ginza kwa ajili ya kokteli; na Golden Gai, upande wa mashariki wa Shinjuku hiyohiyo, ambayo kwa tabia iko katikati ya hizo mbili na ndiyo inayowachanganya wageni wengi.

Ndani ya izakaya

Jina lenyewe linajieleza: ni duka la sake, pombe ya mchele, ambalo mteja anakaa. Enzi za Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, watu walikwenda dukani kununua sake ya kupeleka nyumbani, wengine wakawa wanainywa palepale, na wenye maduka wakaanza kuwawekea vitafunio. Asili hiyo haijafutika. Chakula cha izakaya kipo kusindikiza kinywaji, kinakuja kidogokidogo, kinawekwa katikati, kila mtu anachota. Sisi tuliolelewa na sinia moja hatuhitaji kufundishwa hilo. Anayeagiza sahani yake peke yake na kuizungushia mkono ndiye atakayeonekana mgeni.

Omoide Yokocho ilizaliwa kwenye soko la magendo lililoota hapo baada ya vita kwisha mwaka 1945. Unga ulikuwa wa mgao, utumbo wa wanyama haukuwa wa mgao, basi wachuuzi wakauchoma kwenye vijiti. Moto uliteketeza sehemu ya kichochoro hicho Novemba 1999, ikajengwa tena, na mpaka leo utumbo unachomwa palepale.

Kaa kwenye kigoda cha kaunta utazame jiko. Ni jembamba kama mfereji, upana wake umepimwa na urefu wa kijiti: nyama juu ya mkaa, sehemu ya kushikia nje. Mchomaji ana upepeo mkono wa kushoto. Hageuzi ovyo. Anangoja mafuta ya ngozi ya kuku yaanze kudondoka, moshi ukipanda anapepea mara mbili tatu, ndipo anageuza. Ukitaka mshikaki wa chumvi, anainyunyiza kutoka juu, vidole vikiwa usawa wa bega, ili itue sawasawa. Ukitaka wa mchuzi, unaoitwa tare, anachovya mshikaki mzima kwenye chungu cha mchuzi mzito wa soya, anaurudisha motoni, anauchovya tena. Chungu hicho hakikaushwi: mchuzi wa leo unaongezwa juu ya wa jana, na mafuta ya kila mshikaki uliopita humo yamebaki humo.

Firigisi agiza za chumvi, maini agiza ya tare. Nimejaribu kinyume chake na sikurudia. Majina machache yatakutosha usiku mzima: firigisi ni sunagimo, moyo ni hatsu, maini ni reba, ngozi ni kawa, gegedu ni nankotsu, na paja lililopishanishwa na vitunguu majani ni negima. Lakini angalia, sio kila mshikaki wa Omoide Yokocho ni kuku. Mingi ya viungo vya ndani ni ya nguruwe. Neno la kuuliza ni "buta", nguruwe. Kuku ni "tori".

Kinywaji cha kwanza ni bia, kwa desturi, hata kwa watu ambao baadaye watahamia kingine. Wanaagiza kwa pamoja ili glasi zigongane kwa wakati mmoja. Baada ya hapo wengi wanakwenda kwenye haiboru, yaani wiski na soda kwenye glasi ndefu, ambayo inakata mafuta ya nyama vizuri kuliko bia. Mimi napenda Hoppy. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, siku ambazo bia ya kweli watu wa kawaida hawakuimudu. Ni kinywaji chenye ladha ya bia na kileo cha asilimia 0.8 tu, unaletewa chupa yake pamoja na glasi yenye barafu na shochu, pombe kali ya huko, unachanganya mwenyewe kadiri ya nguvu zako. Shochu ikiisha unaita "naka", cha ndani. Chupa ikiisha unaita "soto", cha nje. Tamka "naka" kwa sauti ya kutosha, uone mzee wa kigoda cha pili atakavyogeuka kukutazama. Mazungumzo mengi niliyowahi kupata Shinjuku yalianzia kwenye neno hilo moja.

Kuna jambo lililoniudhi nilipokuwa mgeni, nalisema ili lisikuudhi wewe. Usiku wangu wa kwanza niliwekewa kibakuli cha mwani ambacho sikukiagiza, na bili ilipokuja kikahesabiwa yeni 400. Nikaondoka na kinyongo, nikiamini nimeonewa kwa sababu ya sura yangu. Haikuwa hivyo. Ile ni otoshi, ada ya kiti inayokuja katika umbo la chakula, na Mjapani aliyekaa kando yangu aliilipa vilevile. Kwa kawaida ni kati ya yeni 300 na 500 kwa kichwa. Kinyongo hicho nilikaa nacho wiki nzima bila sababu.

Ndani ya baa ya kokteli

Watu hudhani kokteli Japani ni jambo la juzi. Sivyo. Meli za kigeni zilipoanza kutia nanga Yokohama, hoteli za bandarini zilileta na kaunta zake. Kokteli iitwayo Bamboo, ya divai mbili, sheri na vamuthi isiyo tamu, inahusishwa na Louis Eppinger, aliyesimamia Grand Hotel ya Yokohama miaka ya 1890. Ginza yenyewe ina Lupin, baa ya chini ya ardhi katika kichochoro, iliyofunguliwa mwaka 1928 na ingali wazi. Na fundi wa Ginza, Kazuo Uyeda, amejulikana duniani kwa namna yake ya kutikisa kinywaji, anayoiita "hard shake", ambayo mabaatenda wa nchi nyingine wameijadili miaka mingi. Kwa hiyo ukiingia baa ya Ginza unaingia kwenye ufundi wenye walimu na wanafunzi, mtu ameosha glasi miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kumwekea mteja chochote.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanalipa pesa yote ile kwa glasi moja, tazama barafu. Baatenda anatoa pande moja angavu kama kioo, halina kiputo hata kimoja, limenunuliwa kwa wauza barafu wanaoigandisha polepole kwa ajili hiyo. Analishika kwenye kiganja chenye kitambaa, kisu mkono wa pili, anachonga kingo moja baada ya nyingine. Wengine wanalifanya duara kama chungwa, wengine wanalikata pande nyingi kama kito. Analidumbukiza kwenye glasi, halafu anatia maji kidogo, anazungusha, anayamwaga yote, amelisafisha chenga. Hapo ndipo wiski inaingia. Sababu ni ya jikoni kabisa: pande moja kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande ishirini vidogo, kwa hiyo kinywaji kinapoa bila kugeuka maji. Anapokoroga, kijiko kirefu kinazunguka kwenye ukuta wa glasi na husikii kitu. Anadondosha tone moja nyuma ya mkono wake, anaonja, ndipo anakusogezea.

Menyu mara nyingi hakuna, na hilo linawatisha wageni bure. Mwambie tu unapenda kichachu au kitamu, chepesi au kikali, na umuulize tunda la msimu ni lipi. Swali la tunda ndilo bora kuliko yote. Zabibu za vuli, pera, machungwa yao madogo yenye harufu kali. Matunda ya Japani ni ghali na yanatunzwa kama mayai, na baani ndipo utakapoyaonja kwa namna ambayo hutayapata sokoni.

Lakini baa hiyo ina masharti ambayo izakaya haina. Sauti iwe chini. Nendeni wawili, au nenda peke yako. Watatu wanakubalika, watano mtaambiwa kwa adabu kubwa kwamba pamejaa hata kama mnaviona viti vitupu. Kandambili na kaptula viache hotelini. Manukato makali pia, maana yanaharibu harufu ya glasi ya jirani.

Golden Gai, iliyo katikati

Ni vichochoro 6 vyenye baa zaidi ya 200, nyumba za mbao za ghorofa mbili zilizobanana nyuma ya hekalu la Hanazono. Kabla ya mwaka 1958, sheria ya kupiga marufuku ukahaba ilipoanza kutekelezwa, hapa palikuwa na madanguro. Baadaye wakaja waandishi, wahariri na watu wa filamu. Miaka ya 1980, bei ya ardhi ilipopanda kupita kiasi, wajenzi walipataka sana. Wenye baa wakagoma kuuza. Ndiyo maana pamebaki hivi, chini ya majengo marefu pande zote.

Usiende Golden Gai kutafuta kokteli ya Ginza. Baa nyingi hapa zina viti 5 hadi 8, wiski ya maji, bia ya chupa, na mwenye baa mwenye jambo lake: huyu anapiga jazi tu, yule kajaza mabango ya filamu za zamani, mwingine ni wa roki. Unanunua kukaa pamoja nao. Mwenye baa mwanamume anaitwa masuta, na mwanamke anaitwa mama. Ndiyo, mama, kwa matamshi yetu. Sijawahi kuona Mswahili akipata shida kulitamka, na lina uzito uleule: yeye ndiye anayejua nani alewe zaidi na nani apelekwe nyumbani.

Soma mlangoni kabla ya kuingia. Wengi wanaandika ada ya kiti, kati ya yeni 500 na 1,500, na baadhi wanaandika kwamba ni wateja wao wa siku zote tu wanaoingia. Hilo lisikutie unyonge. Viti sita vikichukuliwa na wapita njia, mzee aliyekunywa hapo miaka thelathini atakaa wapi? Na usipige picha vichochoroni bila kuomba ruhusa.

Mfukoni

Omoide Yokocho: bia yeni 500 hadi 700, mshikaki mmoja 150 hadi 300, otoshi juu yake. Mtu mmoja anakula akashiba na kunywa glasi tatu kwa yeni 3,000 hadi 4,500. Ginza: kiti chenyewe kinaweza kufika yeni 1,000 au zaidi, kokteli moja 1,500 hadi 2,500, glasi mbili zinakutoa yeni 5,000 au 6,000 na tumbo bado linadai. Golden Gai, glasi mbili katika baa moja, weka 2,500 hadi 3,500. Lakini ukihamia baa ya pili unalipa kiti upya, na hapo ndipo watu wanapotoboka bila kujua. Beba noti, maana sehemu nyingi ndogo hazipokei kadi. Bahashishi haitolewi popote. Ukiiacha mezani, mtu atatoka mbio kukurudishia. Ukitaka bili na huna lugha, pishanisha vidole viwili vya shahada.

Gharama kubwa kuliko zote iko barabarani. Kabukicho, mtaa ambao Golden Gai imo ndani yake, umejaa wapiga debe wanaoahidi kunywa bila kikomo kwa bei ya kutupa. Awe Mjapani au Mwafrika mwenzetu anayekuita "ndugu", usimfuate. Bili za huko zinakuja zikiwa zimevimba, na hata vipaza sauti vya mtaani vinawaonya watu. Izakaya nzuri na baa nzuri hazitumi mtu barabarani kukuvuta mkono.

Kwa asiyekunywa, na kwa anayekula halali

Hapa nitasema wazi, kwa sababu wengi wanaoniuliza ni Waislamu na wanastahili jibu la kweli. Kwenye izakaya, asiyekunywa hana shida na kinywaji: chai baridi ya oolong ipo karibu kila mahali, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Shida ni chakula. Mchuzi wa tare kwa kawaida una mirin, ambayo ni divai ya mchele ya kupikia, na mara nyingi sake pia. Wa chumvi unaepuka hilo, ila kuku hakuchinjwa kihalali na pengine amelazwa kwenye wavu mmoja na nguruwe. Kinachobaki ni soya changa za kuchemsha katika maganda yake, ziitwazo edamame, samaki mbichi, na tofu baridi. Kwa aliye makini, hicho si chakula cha jioni. Ale kwingine kwanza.

Baa ya kokteli, ingawa ni nyumba ya pombe kuliko izakaya, inamtendea asiyekunywa kwa heshima zaidi. Mwambie baatenda "sinywi pombe", atakutengenezea kitu cha tunda la msimu kwa uangalifu uleule, barafu ileile. Iwapo dhamiri yako inakuruhusu kukaa hapo ni suala lako na Mola wako, mimi nasema kilichomo glasini tu.

Moshi nao. Tangu Aprili 2020 sheria inakataza kuvuta sigara ndani ya migahawa na baa, lakini sehemu nyingi ndogo za zamani zimesamehewa. Angalia kibandiko mlangoni. Mwenye pumu asijaribu Omoide Yokocho hata pasipokuwa na sigara. Mkaa peke yake unatosha.

Uende wapi, basi

Mwenye usiku mmoja, ambaye hajawahi kufika, aende izakaya. Sisiti kusema hivyo ingawa mimi mwenyewe nimependa barafu ya Ginza kuliko kitu chochote cha usiku wa Tokyo. Izakaya inakusamehe. Ukikosea jina la nyama, ukicheka kwa nguvu, ukimwaga, unapangusiwa na maisha yanaendelea. Baa ya Ginza inataka uwe umetulia, umeshiba na hukimbilii mahali, na mgeni wa siku moja mara chache ana hayo matatu. Nenda Ginza ukiwa na mtu unayetaka kumsikiliza, au ukiwa peke yako na jambo kichwani. Mwanamke anayesafiri peke yake mara nyingi huniambia alijisikia huru zaidi kwenye baa tulivu, kwa kuwa baatenda anawaangalia wateja wake wote, na nadhani hilo ni kweli. Kundi la wanne waliotoka kwenye semina, izakaya, na wafike saa kumi na mbili jioni kabla watu wa maofisini hawajajaza vigoda.

Wajapani wenyewe wala hawachagui. Usiku wao una sehemu: ya kwanza ya kula pamoja, ya pili, inayoitwa nijikai, ya wachache waliobaki kwenda kunywa mahali padogo. Unaweza kufuata ratiba hiyo kwa miguu. Kutoka Omoide Yokocho unapita chini ya reli, unafuata barabara ya Yasukuni kuelekea mashariki, na ndani ya dakika kumi na tano uko Golden Gai, ambayo inachangamka kuanzia saa tatu usiku. Usiifanye safari hiyo kuelekea Ginza, nguo zikinuka mkaa. Na weka saa yako: treni za mwisho zinaondoka karibu na saa sita usiku, za kwanza zinarudi saa kumi na moja alfajiri, na teksi ya katikati itakula bei ya kokteli zako zote.

Dada wa Arusha alikuwa hajala tangu mchana. Tulikaa Omoide Yokocho, akamaliza mioyo minne na firigisi, akaniuliza kama wanauza ugali. Saa tatu na nusu tukapita chini ya reli. Kwenye baa moja ya juu, ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia dari, mama alimtazama namna anavyokumbatia mabega kwa baridi, akamwekea shochu ya maji moto na tunda moja la ume, aina ya plamu ya Kijapani, lililochachushwa kwa chumvi. Alimwonyesha kwa kijiti jinsi ya kuliponda chini ya glasi. "Asante, mama," dada akasema, kwa Kiswahili, na yule mama akaitika.